Kulinda Motoka ya Zamani

Kli. Kla. Ti-ti. Pu.

Hiyo ni sauti ya kle ya kumi na tatu, ule ufunguo wa kufungulia bulo na nati, ikimponyoka fundi na kuanguka ndani ya injini ya motoka yetu. Kli, imegonga juu. Kla, imegonga bomba la moshi. Ti-ti, inateleza. Pu, imefika chini kwenye vumbi, na fundi anainama kuiokota bila kukatisha habari aliyokuwa anasimulia. Miaka imepita, lakini sauti hiyo bado iko masikioni mwangu, safi kabisa.

Naikumbuka zaidi kwa sababu ya siku moja ambayo sauti haikukamilika. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa na motoka mpya kuliko yetu, usukani upande wa kuume, mbele ya dereva taa tupu kama sikukuu. Chini ya kapo, lile bamba linalofunika injini, kulikuwa na plastiki nyeusi juu ya plastiki nyeusi. Fundi akaangusha kle yake humo. Kli, tukasikia. Kla, tukasikia. Tukangoja. Fundi, mjomba na mimi, sote watatu tumesimamisha masikio kama mbuzi. Pu haikuja.

"Imemeza," fundi akasema polepole.

"Namna gani imemeza?" mjomba akauliza. "Motoka inaweza kumeza kle?"

"Hii ya kwako iko na tumbo, patron. Ile ya shemeki yako haina tumbo, iko paka mbavu tu."

Walitoa plastiki moja, wakatoa ya pili, wakatoa ya tatu, jua likahama kutoka upande mmoja wa garaji hadi mwingine, na kle haikuonekana. Nafikiri hadi leo inatembea na mjomba mjini.

Nilicheka sana siku ile. Lakini pia nilijifunza jambo ambalo sikufundishwa shuleni, maana shule yangu iliishia mwaka wa nne wa sekondari na hapo pia nilikuwa naota ndoto nikiangalia dirishani. Nilijifunza hivi: ukifungua kapo ukaona ardhi chini, hiyo ni motoka ya kuzeeka nayo. Kilichoharibika unakiona. Kilichoanguka unakiokota.

Yetu ilikuwa imenizidi umri. Ilikuwa na mgongo mrefu, ya kubebea watu mbele na mizigo nyuma. Ilitoka Ulaya ikiwa imeshachoka, ikapita mikononi mwa watu watatu hapa Lubumbashi kabla ya kumfikia baba. Zamani ilikuwa ya buluu. Nilipoanza kuijua, ilikuwa na buluu tatu tofauti, kila mlango na yake, na mlango wa abiria ulifunguliwa kwa kuingiza mkono dirishani. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu hanunui motoka inayong'aa. Alipoileta nyumbani kwetu Katuba, majirani walikuja kuiangalia, mmoja akamuuliza, "Mwalimu, uliinunua ao walikuachia?" Baba akajibu, "Nilinunua mugonjwa. Mugonjwa mwenye anakuambia penye panamuuma."

Hakuinunua kwa ajili yake. Aliinunua kwa sababu ya mkono wa mama.

Mama alikuwa anafanya biashara ya samaki wakavu na unga wa muhogo. Alikuwa anaenda kuvinunua Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga, mahali samaki wa kutoka mtoni wanapokutana na watu wa kutoka mjini. Miaka mingi alikwenda na kurudi juu ya malori, ameketi juu ya magunia pamoja na akina mama wengine, wameshikana mikono kwenye kila shimo. Nikiwa darasa la pili, lori lilikwepa kisiki, naye akaanguka. Mkono wake wa kushoto ulipona, lakini haukunyooka tena. Hadi leo akikuaga kwa mkono huo unafikiri anakuita. Basi baba akatafuta motoka ya bei ndogo, na kila Jumamosi, shule ikiwa imefungwa, yeye na mama walikwenda Kasomeno ndani ya motoka yao. Mama akiwa ameketi kwenye kiti, na kioo cha kufunga vumbi lisimwingie.

Sasa niwaambie kuhusu kazi yangu.

Hapa kwetu motoka haiachwi peke yake garajini. Kila mtu anajua. Ukiacha motoka ukaenda zako, jioni utaikuta inawaka vizuri, lakini ndani ya wiki utagundua batri yako nzuri iko kwa mtu mwingine na wewe umepewa ya kwake iliyochoka. Sisemi mafundi wote ni wezi. Ni kwamba pyesi, yaani vipuri, za zamani zinafanana, na mkono wa fundi una haraka. Kwa hiyo kila familia inatuma mtu wa kukaa na motoka. Anaketi kwenye kigoda au kwenye mpira wa zamani wa gurudumu, anaangalia kila kinachotoka na kila kinachoingia, na kilichotoka kinarudi nyumbani ndani ya mfuko ili mwenye motoka akione kwa macho yake.

Baba alikuwa darasani, mama sokoni, wadogo zangu shuleni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nafasi. Nikawa mlinzi.

Mwanzoni niliona aibu. Binti mzima katikati ya mafuta meusi na wanaume wanaotukana bulo kama vile bulo ina mama. Nilikuwa nabeba ufumaji wangu nisiwaangalie. Lakini garaji ile, uwanja tu wenye miti miwili ya mikaratusi na bati moja la kivuli, ilikuwa na raha yake. Mama mmoja alipita na bitumbula vya moto. Mwingine alileta munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kwenye ndoo yenye kifuniko. Na fundi mwenyewe, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto, hakuweza kufanya kazi kimya.

"Demwazeli, unaangalia bilenge yako ao motoka?" aliniuliza siku ya kwanza, akionyesha ufumaji wangu.

"Ninaangalia vyote viwili, Fundi."

"Apana. Macho iko mbili, lakini moyo iko moja. Kuja hapa, shika taa."

Nikashika taa. Tangu hapo ufumaji ulibaki nyumbani. Nilijua bomba la maji na bomba la esanse, yaani petroli. Nilijua buji, zile plagi za kuwashia injini, zikiwa nyeusi maana yake nini, na zikiwa na rangi ya chai ya maziwa maana yake nini. Jioni baba alitandaza gazeti mezani, mimi namwaga mfuko, naye ananihoji kama mwanafunzi wake. Hii ni nini? Ilikuwa wapi? Ilikosa nini? Nikijibu vizuri, alisema "asante" ya Kifaransa, ile aliyoiweka kwa wakubwa. Wale waliosema niliacha shule hawakuyajua masomo yetu ya mezani.

Na hivi ndivyo nilivyoipenda ile motoka. Ukikaa na kitu siku nzima mara ishirini, ukakiona kimefunguliwa kifua na kufungwa tena, hukiiti chuma tena.

Mwezi wa kumi wa mwaka ule, joto lile linalokuja kabla ya mvua, motoka ilichemka njiani kutoka Kasomeno. Moshi mweupe ulitoka chini ya kapo, mama akaruka nje na samaki wake. Jumatatu nilikuwa garajini. Fundi aliona mara moja bomba la maji limepasuka, akalibadilisha. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini akaendelea, akafungua kikofia kidogo mbele ya injini, akachomoa kipande cha shaba, cha mviringo, na springi ndani yake.

"Na hiyo, Fundi?"

"Hii banaita termosta. Ni mulango. Inafunga maji ndani ya moteri paka ipate moto, kisha inafungua. Ni kintu ya Ulaya. Kule kwabo kuko baridi, theluji, nini na nini. Huku kwetu moto iko tayari inatoka mbinguni. Tunatoa, maji inatembea bure, motoka haichemki tena hata siku moja."

Fundi mwingine aliyelala chini ya teksi akasema kutoka huko chini, "Ni vile. Mi hata motoka ikifika hapa, ninatoa mbele ya kuuliza jina yake."

Wote wakacheka, nami nikacheka. Nikaitia termosta mfukoni, nikampelekea baba, nikamweleza kama nilivyoelezwa: ni kitu cha Ulaya. Baba akaigeuza kwenye mwanga, akasema, "Bon, basi ipumzike." Na kweli motoka haikuchemka tena. Mvua zikanyesha, zikaisha. Tukasahau.

Watu wa mbali wanafikiri Afrika ni joto tu, na sisi wenyewe wakati mwingine tunawaamini. Lakini mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi, asubuhi, ukizungumza unaona maneno yako yanatoka kama moshi. Akina mama wanaenda sokoni na blanketi juu ya kitenge. Mbabula, jiko la makaa, inawashwa ndani, mtu anakaa juu yake kama kuku juu ya mayai. Ndipo motoka yetu ikaanza kuugua. Asubuhi ilikohoa, ikavuta kidogo, ikazimika. Njiani haikuwa na nguvu, ikipanda mlima mdogo baba anainama mbele kana kwamba anaisukuma kwa kifua. Na ilikunywa esanse kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Faida ya mama yote iliishia ndani ya tangi. Tulibadilisha buji. Tukasafisha kabureta mara mbili, mimi nikiwa nimeketi hapo hapo. Hakuna.

Mjomba akaja Jumapili moja baada ya misa. Alimpenda dada yake, lazima niseme hivyo, na alisema alichosema kwa sababu hiyo.

"Shemeki," akamwambia baba, "ninyi hamupande tena motoka. Motoka njo inabapanda. Dada yangu anauza samaki juu ya kulisha chuma."

"Iko mugonjwa kidogo tu," baba akasema.

"Mugonjwa wa namna gani, mwezi muzima? Kuko bwana mumoja pa Ruashi. Anakata motoka za zamani, anauza pyesi, na mabaki anauza kama chuma. Nimuitie. Dimanche ijayo anakuja kuiona."

Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa. "Na mi nitaenda na nini Kasomeno?"

Mjomba akajikuna shingo. "Na makamyo, dada. Kwa muda. Paka mutapata ingine."

Nilimwona mama akiushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kuume, polepole, kama mtu anayefunika mtoto. Baba alimwangalia mama, akaangalia uani mahali motoka ilipokuwa, kisha akasema neno ambalo shemeki akilitoa mbele ya shemeki si rahisi kulirudisha. Alisema, "Muite."

Usiku ule sikulala vizuri. Sikuona chuma kinachokatwa. Nilimwona mama juu ya magunia, kwenye lori.

Lakini nilikuwa nimeanza kufikiria kitu jana yake, Jumamosi, nami sikuwa nimekipa jina. Siku hiyo nilikuwa nimewasindikiza Kasomeno. Tulisimama njiani, zaidi ya nusu ya safari, ili baba anyooshe miguu. Kulikuwa na ukungu kati ya vichuguu. Miaka mingine ya baridi, tukisimama hapo, sote tulikuwa tunaweka mikono juu ya kapo, tunapata moto kama kwenye mbabula. Mama alikuwa hata anafunga vilashi, viazi vitamu, kwenye majani ya ndizi na kuviweka karibu na injini, tukifika Kasomeno vimelainika. Hayo ndiyo mambo ninayoyakumbuka zaidi ya safari zile: harufu ya viazi na mafuta ya motoka, mikono yetu sita juu ya bati moja, baba akisema, "Motoka mupya inaweza kukupikia kilashi?"

Mwaka ule mama aliweka mikono, akaitoa mara moja. "Eh! Motoka yenu iko baridi kama jiwe la mutoni."

Nusu ya safari, injini inawaka tangu alfajiri, na kapo ni baridi. Nililala nikiwaza maneno hayo, na asubuhi ya Jumatatu, nikifagia, nilisimama na ufagio mkononi. Mlango. Unaofunga maji mpaka yapate moto. Sisi tumeutoa. Maji ya baridi yanazunguka kutwa, injini haipati moto, na isiyopata moto inakula mara mbili, kama mtu yeyote mwenye baridi.

Niliitafuta termosta, nikaipata ndani ya kopo la maziwa la baba. Nikaweka sufuria ya ugali juu ya mbabula, maji, na kile kipande ndani yake nimekifunga kwa uzi kisiguse chini. Nikachuchumaa.

"Unapika nini?" Mama alikuwa mlangoni.

"Motoka, mama."

"Mu sufuria yangu ya bukari?"

"Kuja uone."

Alikuja na kijiko cha mti tayari mkononi, mwenyewe unajua kwa kazi gani. Maji yakaanza kutoa vipovu vidogo. Kile kipande kilikuwa kimefungwa kabisa, kama jicho la mtu aliyelala. Kisha, polepole sana, kikafunguka. Nikakivuta, nikakitia kwenye maji ya baridi. Kikajifunga. Mama akachuchumaa karibu nami.

"Rudisha tena," akasema.

Tukakipika mara tatu. Ya nne aliipika mwenyewe, kijiko amekiweka chini.

Shida ilikuwa fundi. Mimi ni nani wa kumwambia mzee mwenye kofia ya sufu kwamba amekosea? Nilimkuta anakunywa munkoyo. Nilimsalimia vizuri, nikamwuliza habari za watoto, habari za mgongo, ndipo nikasema habari ya termosta. Yule wa chini ya teksi, sijui kama aliwahi kutoka huko, akacheka mpaka teksi ikatikisika.

"Demwazeli," fundi akasema, "mi minatengeneza motoka mbele weye hauyazaliwa. Mbele mama yako hajaolewa."

"Najua, Fundi. Kila kitu ninachojua nimekijulia hapa. Ninaomba tu karatoni."

"Karatoni ya nini?"

"Ya sabuni. Kubwa."

Siku ya pili baba aliiacha motoka pale kabla ya kwenda shuleni. Nikaweka ile karatoni, boksi la sabuni, mbele ya radiateri inayopoza maji, upepo wa baridi usiipige, nikamwomba fundi azunguke nami mitaa michache tu. Alikubali kwa sababu alitaka kunicheka karibu. Tulipita shule, tukapita soko dogo. Mshale wa moto, ambao miezi miwili ulikuwa umelala chini, ukanyanyuka kidogo. Ukanyanyuka tena. Tulipofika kwenye mlima wa njia ya kurudi, fundi aliongeza gesi kwa nguvu kama tulivyozoea, na motoka ikaruka mbele, kofia ya fundi nusura ianguke.

Alisimamisha motoka kando. Akakaa. Akaangalia mshale.

"Kumbe," akasema.

Mimi nikafuta vumbi kwenye kioo cha mshale.

"Kumbe kuko na motoka ngapi mu Katuba yenye mi nimeziachia baridi?" Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kweli, akapiga usukani. "Huyu mutoto alikuja kulinda batri, sasa anachunga paka fundi!"

Aliirudisha termosta siku ile ile. Karatasi ya kuzuia maji aliikata kutoka kwenye kalenda ya mwaka uliopita, kwa mkasi, akifuata ukingo kwa nyundo ndogo, tak tak tak. Hapo ndipo penye uzuri wa motoka ya zamani, kama ukiniuliza. Haikuhitaji mashine ya kuisoma wala mtaalamu wa kutoka mbali. Motoka ya mjomba, taa moja ndogo ikiwaka, ilikuwa inakaa wiki uani ikingoja mtu mwenye kompyuta. Yetu ilihitaji kalenda, mkasi, na mtu aliyekuwa ameketi karibu nayo muda wa kutosha. Watu wanafikiri tunanunua motoka za zamani kwa sababu bei ni ndogo, na ni kweli, sitadanganya. Lakini bei ndogo ni mwanzo tu. Pyesi zake ziko kila kona, kwa sababu dada zake wengi wamekufia hapa hapa mjini. Haiogopi mashimo. Haina cha kuibiwa kinachoonekana. Ikikwama, mtu yeyote anayepita anajua kitu kimoja kuihusu, na anasimama kukuambia. Na inakufundisha. Mimi leo nina ndoto ya garaji yangu, yenye viti vya kuegemea kwa wale wanaokaa na motoka zao, na chai, na hakuna mtu wa kunicheka kwa sababu ndoto hiyo ilianzia kwenye sufuria ya bukari.

Baba nilimweleza jioni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Samedi njo itasema." Alikuwa ameshatoa neno lake kwa shemeki, na mwalimu hafuti ubaoni kabla ya kusahihisha.

Jumamosi nilikwenda nao tena. Njia nzima niliogopa hata kukohoa. Tulisimama pale pale, kwenye ukungu. Baba alishuka. Mama alishuka, akazunguka mbele, akaweka mikono yake miwili juu ya kapo, ule ulionyooka na ule usionyooka. Nikahesabu pumzi zangu. Hakuitoa. Alisimama hivyo, macho kwenye barabara, muda mrefu mpaka baba akamwita. "Ngoja," akasema, "acha nipate moto." Na jioni tulifika Katuba kwa esanse ile ile tuliyotoka nayo asubuhi, bila kusimama kuongeza hata lita.

Jumapili bwana wa Ruashi alikuja na mjomba. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kucha nyeusi na shati la misa. Baba alikuwa ameitoa motoka mpaka kwenye geti, kwa heshima, kwa sababu neno ni neno. Yule bwana aliizunguka, akapiga mipira kwa kiatu, akafungua kapo, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Bintu yote iko ya asili," akasema. "Hii ninaipenda. Hii inakatika muzuri."

Baba akasafisha koo. Nikaona neno linamkwama, kwa sababu mjomba alikuwa amesimama pale, ameleta mtu kutoka mbali. Mama ndiye aliyepita mbele.

"Ndugu yangu," akamwambia mjomba, "mi nilikushukuru. Lakini nikuulize. Makamyo ya Kasomeno unayasema, weye ulishapanda juu yake?"

"Dada, mi nilisema kwa muda..."

"Basi Samedi ijayo tutaenda wote wawili. Weye utakaa upande ya kisiki."

Majirani waliokuwa wamesimama kwenye ua wakacheka. Mjomba akainua mikono. "Nimeshindwa! Shemeki, dada yangu amenishinda."

"Basi haiuzwi," baba akasema, na nikasikia pumzi ikimtoka.

Yule bwana hakukasirika. Alifunga kapo taratibu, akaipapasa. "Siku ikikufa muniite, lakini."

"Weye utatangulia!" mama akamjibu, na yule bwana mwenyewe akacheka kuliko wote, akaombwa aingie kula. Wakaingia ndani wote, bukari na sombe vilikuwa vinangoja, na mjomba alikuwa ameshaanza kumweleza mgeni habari ya kle iliyomezwa.

Mimi nilibaki nje. Motoka ilikuwa bado kwenye geti, pua yake barabarani, kama mtu aliyevaa tayari kwa safari. Sikuwa na ruhusa ya kuiendesha wakati ule. Nikaingiza mkono dirishani, nikalegeza breki, nikaweka bega mbele na kuisukuma kinyumenyume. Ilikuwa nzito, kisha ardhi ikateremka kidogo na ikakubali, ikarudi yenyewe taratibu mpaka mahali pake karibu na ukuta. Nikavuta breki. Nikaenda nyuma ya choo, nikaleta matofali mawili, nikayaweka nyuma ya magurudumu, moja huku, moja huku. Nikafuta mikono kwenye kitenge, nikaingia ndani kula.